Kestrel: Injini Iliyorusha Marafiki na Maadui

Mwishoni mwa Mei 1935, katika uwanja wa Augsburg-Haunstetten huko Ujerumani, ndege mpya ya kivita ilipaa kwa mara ya kwanza. Ilikuwa Messerschmitt Bf 109, ile ambayo miaka mitano baadaye ingekuwa inawindana na Waingereza juu ya anga la London. Na puani ilibeba injini ya Rolls-Royce.

Si mzaha. Injini ya Kijerumani iliyokusudiwa, Junkers Jumo 210, haikuwa tayari, na wizara ya anga ya Berlin haikutaka kusubiri. Ikapata Kestrel VI nne kutoka Uingereza, na Rolls-Royce nao wakapata ndege ya Heinkel He 70 ya kujaribia injini zao. Mali kwa mali. Septemba ya mwaka huohuo ndege ya kwanza ya Junkers Ju 87, ile Stuka ambayo baadaye mlio wake uliwatia watu kiwewe kuanzia Poland hadi Ufaransa, nayo ilipaa kwa Kestrel.

Wapenzi wa ndege wakisimuliwa kisa hiki hucheka kidogo, kisha wanarudi kwenye mazungumzo yao ya Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza iliyopata sifa zaidi. Mimi kilinikaa. Riziki yangu naipata kwenye injini za jenereta na malori, sijawahi kushika spana kwenye ndege, ila najua jambo moja la kazi hii: hakuna anayekubali kuvaa aibu ya kuazima injini ya mshindani wake kama injini hiyo ni ya kawaida. Kwa hiyo nikataka kujua Kestrel ilikuwa na nini. Nikaikuta imefungwa kwenye ndege ambayo leo haina mashabiki wengi, yenye mabawa mawili juu na chini, iliyovikwa kitambaa: Hawker Hart.

Kisa kinaanzia kwenye mashindano. Mwaka 1923 Wamarekani walivuka bahari hadi Cowes, kusini mwa Uingereza, kugombea Kombe la Schneider, mbio za ndege zinazotua majini, na wakaondoka nalo. Ndege zao za Curtiss zilikuwa na pua nyembamba iliyochongoka, na ndani ya pua hiyo mlikuwa na injini iitwayo D-12. Richard Fairey, mwenye kiwanda cha ndege, aliona mambo yamebadilika. Akaenda kununua injini kadhaa pamoja na haki ya kuziunda, akarudi nyumbani na kujenga ndege ya mabomu kuizunguka injini ile. Akaiita Fox. Ilipaa Januari 1925, na ilikuwa na mbio kiasi kwamba ndege za kivita zilizopaswa kuizuia hazikuipata. Serikali ilinunua 28 tu, zikaenda zote Skwadroni ya 12, na skwadroni hiyo ikachukua kichwa cha mbweha kuwa nembo yake.

Wizara ya Anga ya Uingereza ilikuwa na tatizo na Fox: injini ni ya Mmarekani. Kununua injini za kigeni kwa ajili ya jeshi lako ni kumpa mwingine funguo za nyumba. Basi D-12 moja ikapelekwa Derby kwa Rolls-Royce, na ujumbe ulikuwa wazi kwamba waifungue, waitazame, watoe yao iliyo bora zaidi. Kazi hiyo ikamkuta Arthur Rowledge, mtu ambaye kabla ya kujiunga na Rolls-Royce mwaka 1921 alikuwa amebuni Napier Lion, injini iliyotamba Uingereza kwa miaka mingi. Kwa hiyo usidhani Kestrel ni nakala. Wazo la msingi lilitoka Marekani, lakini aliyelishika alikuwa fundi mkubwa tayari.

Wazo lenyewe ni bloku.

Injini kubwa za ndege zilizopozwa kwa maji wakati wa Vita vya Kwanza, kama Liberty ya Marekani au Eagle ya Rolls-Royce wenyewe, zilikuwa na silinda moja moja. Kila silinda ilisimama peke yake juu ya kesi ya krenki, na kila moja ilivalishwa koti lake la bati jembamba la chuma lililochomelewa, maji yakapita ndani ya koti hilo. Silinda kumi na mbili, makoti kumi na mbili, mabomba ya kuunganisha, na kila kiungo ni mahali pa kuvujia. Na kwa kuwa silinda hazikushikana, injini nzima ilikuwa inajinyonganyonga ikifanya kazi. Ikijinyonga, mshono wa koti unafunguka. Fundi wa wakati ule alikuwa na kazi ya kudumu.

Kestrel iliondoa yote hayo. Silinda sita za upande mmoja zilimiminwa kuwa bloku moja ya aluminiamu, na sita za upande wa pili vilevile, bloku mbili zikakaa kwa umbo la V. Ndani ya aluminiamu zikaingizwa slivu za chuma, yaani mirija ambamo pistoni zinapanda na kushuka, na maji yakazigusa slivu moja kwa moja. Kipenyo cha silinda milimita 127, mwendo wa pistoni kama milimita 140, jumla lita 21 na kidogo. Valvu nne kwa kila silinda, kamshafti moja juu ya kila bloku. Fundi wa malori akisoma sentensi hizo haoni cha ajabu, maana bloku moja na slivu za maji ndicho anachokutana nacho kila wiki. Lakini hapa tunazungumzia katikati ya miaka ya 1920, na injini inayopaswa kuwa nyepesi kiasi cha kubebwa angani.

Halafu kuna suala la joto, na hapa ndipo nilipoanza kumheshimu Rowledge kwa dhati.

Anayeishi Nairobi anajua kwamba maharage yanachukua muda kuiva kuliko Mombasa. Maji ya Mombasa yanachemka yakifika nyuzi 100. Ya Nairobi yanachemka karibu na 94, kwa sababu hewa ya huko juu ni nyembamba na haiyakandamizi sana. Sasa ipandishe sufuria hiyo hadi mita 6,000. Maji yatachemka yakifika nyuzi 80 hivi. Kwa rubani hilo ni balaa, kwa kuwa kadiri anavyopanda ndivyo injini yake inavyokaribia kuchemsha, ijapokuwa nje kuna baridi ya kugandisha vidole. Angeweza kufunga rejeta kubwa zaidi, lakini rejeta kubwa ni ukuta unaosukumwa dhidi ya upepo, nayo inakula mbio zote ulizozitafuta.

Katika Kestrel mfumo wa maji ulifungwa na kuwekwa chini ya mgandamizo. Maji yaliyobanwa hayachemki mapema, yanaweza kupita nyuzi 100 yakabaki maji. Na rejeta yenye maji ya moto zaidi inatoa joto haraka zaidi kwenye hewa baridi, kwa hiyo inatosha iliyo ndogo. Kile kifuniko chenye springi juu ya rejeta ya gari lako, kile unachoonywa usikifungue injini ikiwa ya moto, kinafanya kazi hiyohiyo. Kwenye Hart rejeta ilining'inia chini ya tumbo, nyuma kidogo ya magurudumu, na rubani aliweza kuishusha kwenye upepo au kuivuta juu kulingana na geji ya joto. Alikuwa rubani na fundi wa kupoza injini kwa wakati mmoja.

Hewa nyembamba ina adhabu ya pili: injini inakosa pumzi. Kila anayepandisha lori kutoka Mtito Andei kwenda Limuru amehisi nguvu zikipungua bila kosa la mtu. Dawa yake ni supachaja, feni inayozungushwa na injini yenyewe ili kushindilia hewa ndani ya silinda. Rolls-Royce walimvuta James Ellor kutoka kituo cha utafiti cha serikali kule Farnborough, mtu aliyezijua feni hizo kuliko wengi, na Kestrel ikatolewa kwa aina tofauti: isiyo na supachaja kwa kazi za chini, yenye supachaja ya wastani, na yenye supachaja kamili kwa ndege za kivita za juu. Hart za mwanzo zilikuwa na nguvu za farasi 500 na ushei. Kufikia Kestrel V zilifika 640 kutoka kwenye lita zilezile 21. Ziliundwa Kestrel karibu 4,750, na kwa injini ya ndege ya wakati wa amani, nchi zikiwa kwenye ukata wa miaka ya 1930, hiyo ni idadi kubwa sana.

Sasa ndege yenyewe. Wizara ilitaka ndege ya mabomu ya mchana ifikishe maili 160 kwa saa. Sydney Camm, mchoraji mkuu wa kiwanda cha Hawker, mtu mkali anayesemekana hakuwa rahisi kufanya naye kazi, aliichora Hart, na George Bulman akairusha Juni 1928. Ilifika maili 184 kwa saa, karibu kilomita 296. Bulldog, ndege mpya ya kivita ya RAF, jeshi la anga la Uingereza, ya wakati huo, ilikwenda maili 174. Soma tena tarakimu hizo. Mwizi ana mbio kuliko polisi. Katika mazoezi ya anga ya mwaka 1930, Hart za Skwadroni ya 33 zilikuja, zikaangusha mabomu yao ya kujifanya, zikaondoka, na ndege za ulinzi zikabaki zinahangaika. Waliona dawa ni nini? Wakachukua Hart ileile, wakaweka bunduki mbili mbele badala ya moja, wakaiita Demon, wakaituma iwakamate ndugu zake.

Ushindi wa Hart haukutokana na mbio peke yake, na sehemu hii ndiyo ninayoipenda. Ilishindana na Avro Antelope na toleo jipya la Fox, na Antelope ilikuwa na uwezo unaokaribiana nayo sana. Kilichoamua ni gharama ya matengenezo. RAF ya miaka ile ilikuwa inahesabu kila senti, na Hart ilikuwa rahisi kuitunza.

Siri ilikuwa kwenye mifupa. Camm na Fred Sigrist, mhandisi wa Hawker, hawakutaka kuchomelea. Kuchomelea vizuri kunataka fundi aliyehitimu, na weldi mbaya haionekani kwa nje mpaka siku inapokatika. Wao walichukua mirija ya duara ya chuma na duralumini, wakabinya ncha zake ziwe za mraba, na mahali mirija inapokutana wakaibana kati ya vibati viwili bapa kwa bolti na ribiti. Basi. Mrija ukipinda kwa kutua vibaya, unafungua bolti, unatoa mrija, unaweka mwingine. Fundi wa cheo cha chini kabisa, amekaa kwenye vumbi mbali na karakana yoyote, anaweza kufanya hivyo kwa spana na kitabu cha maelekezo. Nyuma ya chumba cha rubani mwili wote ulivikwa kitambaa cha kitani kilichopakwa dopi, ile rangi inayokauka na kukivuta kitambaa kikakazana kama ngozi ya ngoma. Kikitoboka, unashona kiraka na kupaka tena.

Hata kuwasha kulikuwa kazi ya mikono. Pale pasipokuwa na gari maalumu la kuzungushia propela, mafundi wawili walisimama kila mmoja upande wake wa pua, wakaingiza hendeli, wakazungusha pamoja injini ya lita 21. Rubani akawa anazungusha magneto ndogo ndani ili plagi zipate cheche. Aliyewahi kuwasha Bedford ya zamani kwa hendeli anajua kwamba lile jambo linaweza kukurudia mkononi. Na mafundi hawa walikuwa wamesimama hatua chache nyuma ya propela. Injini ikishika, kazi iliyobaki ni kuchomoa hendeli na kurudi nyuma taratibu, bila kujikwaa, upepo ukiwapiga usoni.

Niliwahi kuisogelea mojawapo ya ukoo huu, kwenye makumbusho ya historia ya kijeshi pale Saxonwold, Johannesburg. Ni Hartebees, yaani kongoni, toleo la Afrika Kusini. Ziliundwa 65: nne na Hawker wenyewe, na 61 zilizobaki Pretoria kwa leseni. Picha hazikuandai kwa jinsi pua ilivyo nyembamba. Ukisimama mbele unaona upana wa injini na kichwa cha mtu nyuma yake, hakuna zaidi. Ukitembea kuelekea mkiani bati linaisha na kitambaa kinaanza, na ukiinama kwa pembeni mwanga unakuonyesha mbavu za mbao na vyuma chini yake, kama mbwa mwenye njaa. Waya zilizokazwa kati ya bawa la juu na la chini ni bapa, zimegeuzwa ubapa wake ufuate upepo. Kila kitu kimefikiriwa, kisha kimeachwa wazi ili mkono wa fundi uingie.

Katika makumbusho hayohayo kuna Messerschmitt Bf 109, na kuna Hurricane, ndege ya kivita ya Hawker. Watu walikuwa wanapiga picha kwenye hizo mbili na kwenye ndege ya jeti ya Kijerumani, Me 262. Kongoni wangu hakuwa na mtu.

Ningependa kuishia kwenye ufundi, lakini haitakuwa haki. Ndege hizi zilifanya kazi, na kazi yenyewe si ya kujivunia. Kwenye mpaka wa kaskazini-magharibi wa India ya Waingereza, sehemu ambayo leo ni Pakistan, Hart zilitumika katika kile walichokiita ulinzi wa anga: kabila likigoma au likivamia, ndege ziliangusha karatasi za onyo, kisha mabomu juu ya vijiji na mifugo. Iraq walipelekewa Audax na Hardy, matoleo yenye vifaa vya jangwani na matangi ya maji. Ilikuwa njia rahisi ya kutawala: ndege chache na mafundi wachache badala ya majeshi ya miguu. Ule urahisi wa matengenezo nilioutoka kuusifu ndio uliowezesha hesabu hiyo. Na hawakuificha. Kwenye mkutano wa kupunguza silaha mjini Geneva mwaka 1933, pendekezo la Uingereza lilitaka mabomu ya angani yapigwe marufuku, isipokuwa kwa kazi za polisi katika maeneo ya pembezoni. Pembezoni ni kwa watu kama sisi.

Naweza kuipenda bloku ya Rowledge na bado nikasema hayo. Mmoja aliibuni bloku, mwingine aliamua ielekezwe wapi.

Audax pia ilikuwa na kifaa kimoja kinachonifurahisha bila hatia: kulabu ndefu chini ya magurudumu. Wanajeshi ardhini walisimika miti miwili, wakafunga kamba katikati, na mfuko wa barua ukining'inia. Rubani alishuka chini kabisa, kulabu ikanasa kamba, mtu wa nyuma akauvuta mfuko ndani. Barua zilichukuliwa kwa kasi ya zaidi ya kilomita mia kwa saa na ndege haikutua. Redio zilipokuwa nzuri, kulabu ikakosa kazi.

Rudi sasa kwenye mwaka 1935, maana ndio mwaka ambao nyuzi zote zinapishana. Rolls-Royce walikuwa wameanza kwa fedha zao wenyewe injini kubwa zaidi yenye mpangilio uleule wa silinda, lita 27, wakiiita PV-12. Februari 1935 ilipanda angani kwa mara ya kwanza, na ndege iliyoibeba ilikuwa Hart. Baadaye ikaitwa Merlin. Mei, Bf 109 inapaa kwa Kestrel. Septemba, Stuka inapaa kwa Kestrel. Oktoba, Italia inavamia Ethiopia, na Hart zinasogezwa Misri kwa wasiwasi. Novemba, Bulman yuleyule aliyeirusha Hart anairusha Hurricane ya kwanza, kazi ya Camm yuleyule, kwa Merlin. Na Hurricane hiyo, ukiivua kitambaa cha nyuma, ina mirija ile iliyobinywa ncha ikafungwa kwa bolti. Ni Hart iliyopunguzwa bawa moja.

Si kila mtoto wa Kestrel alifaulu. Goshawk ilijaribu kuyaacha maji yachemke kwa makusudi na kupoza mvuke ndani ya mabawa, wazo lililoonekana la akili kwenye karatasi. Mabomba yalivuja, pampu zilikwama, na ndege ya Supermarine Type 224 iliyopewa injini hiyo mwaka 1934 ilimvunja moyo hata mbunifu wake. Peregrine ilitumika kwenye ndege moja tu ya maana, Whirlwind, ikaachwa. Vulture, yenye silinda 24, iliwasumbua marubani wa ndege ya mabomu ya Avro Manchester hadi ikaondolewa.

Vita vilipokuja, Hart na nduguze walikuwa wamezeeka, na hapo ndipo wanapoingia kwetu. Agosti 1939, siku chache kabla ya vita kutangazwa Ulaya, kikosi cha anga cha Rhodesia ya Kusini kiliruka hadi Nairobi kikiwa na Hart na Audax. Aprili 1940 kikapewa jina la Skwadroni ya 237 ya RAF, na kikaendelea kulinda mpaka wa kaskazini kwa Audax na Hardy. Juni, Italia ilipoingia vitani, Hartebees za Afrika Kusini zilikuwepo pia. Fikiria mazingira: joto la Wajir, vumbi, maji ya kubebwa, viwanja vya ardhi iliyofyekwa tu. Askari wa King's African Rifles waliokuwa Moyale na Wajir waliziona zikipita juu yao, na waliona pia mabomu ya Waitaliano yakianguka. Hata Malindi ilipigwa mabomu Oktoba mwaka ule.

Hartebees hazikudumu. Zilishambulia upande wa pili wa mpaka mwezi huo wa Juni, kisha nyingi zikarudishwa kwenye mafunzo. Zilikwenda kilomita 280 kwa saa hivi, na mwaka 1940 hiyo ilikuwa kasi ya mtu wa kuonewa. Kilichoziokoa ni kwamba upande wa pili nao ulikuwa na vikongwe: Caproni Ca.133 zenye magurudumu yasiyokunjwa, na Fiat za mabawa mawili. Vita vya anga vya Afrika Mashariki vilianza kama mkutano wa wastaafu.

Mahali pengine hapakuwa na bahati hiyo. Tarehe 6 Aprili 1941 Wajerumani walipoivamia Yugoslavia, marubani wa huko walipaa na Hawker Fury, dada wa Hart mwenye kiti kimoja, ndege ya kwanza ya kivita ya RAF kupita maili 200 kwa saa, lakini hiyo ilikuwa sifa ya mwaka 1931. Mbele yao zilikuwa Bf 109 na Bf 110. Waliingia hivyohivyo, na wengi hawakutua salama. Kestrel upande mmoja, na upande wa pili ndege ambayo safari yake ya kwanza ilisukumwa na Kestrel.

Leo njia mojawapo ya kuisikia injini hii ikifanya kazi angani ni kwenda Old Warden, Bedfordshire, kwenye Mkusanyo wa Shuttleworth. Wana Hawker Hind, Hart iliyoboreshwa, yenye Kestrel V. Ilikuwa ya jeshi la Afghanistan, lililonunua ndege hizo mwishoni mwa miaka ya 1930 na kuzitumia muda mrefu baada ya Waingereza kuzitupa. Mwaka 1970 Waafghani waliitoa zawadi, na ikasafirishwa kutoka Kabul kwa barabara, ndani ya lori, safari ya kilomita zaidi ya 9,000. Mafundi waliifungua bolti kwa bolti, wakabadilisha kilichooza, wakaivika kitambaa kipya, na mwaka 1981 ikaruka.

Nikijaaliwa kufika huko sina haja ya kupiga picha kwanza. Nataka nimpate anayeihudumia nimuulize gaskiti anazipata wapi au anazikata mwenyewe, oili anayotumia ni ya uzito gani, na wakati wa kupaa rejeta anaishusha mapema au anasubiri mshale wa geji upande hadi nyuzi ngapi.